Kabla ya Kununua Nguvu, Dai Kwanza Ile Iliyopotea

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wapenzi wa magari ya zamani. Wapo waliokosa kufika wakaomba waisome, basi nimeiandika kama nilivyoisema.

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, nanyi mliokuja na magari yaliyomtia wasiwasi mlinzi wa getini kwa moshi: habari zenu.

Naomba mikono juu. Nani hapa gari lake linatumia kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa? Asanteni. Mikono ibaki hapo hapo. Sasa, nani amewahi kupitwa na lori lenye shehena mlimani, huku mguu wake umegusa sakafu na gia ameshusha? Naam. Shusheni, tusiaibishane.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nina pesa kidogo, ninunue nini ili gari lichomoke?" Na jibu langu huwaudhi watu. Ninawaambia wasinunue kitu. Bado.

Kwa nini? Chukua gari lililotoka kiwandani na nguvu farasi 60. Miaka mingi imepita, wenyewe wamebadilika, mafundi wamebadilika. Tuseme leo linakupa 45. Hizo 15 zimekwenda wapi? Hazikuondoka siku moja. Moja imebaki kwenye platini, vile vibati vinavyokata umeme ili cheche itoke, mbili kwenye kabureta, nyingine kwenye breki inayoburuta. Ukitaka kununua 15 dukani utahitaji kamshafti (shafti inayofungua valvu), kabureta mbili na ekzosi mpya, na bado utafunga vyote hivyo kwenye injini ileile mbovu. Ukitaka kuzidai zile zilizopotea utahitaji muda, vipimo na bisibisi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nguvu ya gari ndivyo inavyopotea.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja: dai kwanza, nunua baadaye.

Tuanze na kupima. Kijana mmoja alinijia amebeba kabureta kubwa mikononi, anataka nimfungie. Nikamwambia aingie ndani, injini ikiwa imezimwa, akanyage mafuta hadi mwisho. Mimi nikafungua filta ya hewa, nikachungulia kile kibati cha duara kinachofungua koo la kabureta. Mguu wake uko sakafuni, kibati hakijafika hata nusu! Alikuwa ametandika kapeti nene chini ya pedali, na kebo ilikuwa imelegea. Tukatoa kapeti, tukavuta kebo. Akaenda kuzunguka barabarani, akarudi anacheka peke yake. Kabureta kubwa aliirudisha nyumbani kama alivyokuja nayo.

Je, wewe umeshachungulia lako? Mtu akanyage, wewe utazame. Haigharimu kitu.

Kipimo cha pili kinataka geji ya kupimia mgandamizo wa silinda. Kama huna, azima. Injini iwe imepata moto, plagi zote zimetolewa, waya wa koili (inayotoa umeme wa cheche) umechomolewa, betri ina chaji, na mtu ameshikilia mafuta hadi mwisho. Hilo la kushikilia mafuta wengi hulisahau, kisha wanapata namba ndogo wanaanza kulia injini imekufa. Injini nyingi za aina hii zikiwa nzima zitasoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 120 na 170. Lakini namba yenyewe si muhimu kama uwiano. Silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 10 au 15, kuna jambo. Mimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye ile dhaifu, pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi. Na kabla hujafungua hedi, pima nafasi za tapeti. Valvu iliyobanwa haikai sawasawa kwenye kiti chake. Inavujisha mgandamizo, na mwishowe inaungua. Kurekebisha tapeti ni kazi ya saa chache.

Na kama geji imesema injini imechoka kweli? Basi ndugu yangu, pesa yote iende huko. Kuifungia injini dhaifu kabureta ya mashindano ni kumvisha mgonjwa viatu vya mbio.

Tuje kwenye cheche. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nguvu nyingi ya bure imelala, na ndipo wengi hawagusi.

Petroli ndani ya silinda haiwaki yote kwa mara moja. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa huko kunachukua sehemu chache za elfu za sekunde. Sasa piga hesabu nami. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, mzunguko mmoja mzima unakwisha kwa sekunde 0.02. Cheche ikingoja pistoni ifike juu kabisa ndipo itoke, pistoni itakuwa inashuka na moto unaikimbiza kwa nyuma. Ndiyo maana cheche hutangulizwa. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, nyingi hutaka nyuzi 5 hadi 10 za mzunguko kabla ya pistoni kufika juu. Ikikimbia, jumla hufika nyuzi 30 na kitu. Nani anaisogeza cheche kutoka kumi hadi thelathini? Ndani ya distributa, inayogawa umeme wa cheche kwa plagi, mna vizito viwili vidogo vilivyoshikwa na springi. Kasi ikipanda, vinatanuka na kuizungusha mbele kemu, ile inayofungua platini. Hakuna kompyuta. Ni vyuma viwili na springi zake.

Mama mmoja alikuwa na gari lililowaka vizuri, linanguruma kwa utulivu, lakini akitoka mjini likawa zito ajabu na ekzosi inapata moto kupita kiasi. Lilipita kwa mafundi, kila mmoja anamwambia taiming (wakati wa cheche kutoka) ni sawa. Nao hawakusema uongo, kwa kuwa waliipima gari likiwa limetulia. Nikawasha taa ya taiming, nikaielekeza kwenye puli, nikapandisha injini. Alama haikusogea! Ilibaki palepale. Vizito vilikuwa vimeganda kwa kutu, labda tangu mwenye gari aliyetangulia. Tukafungua distributa, tukapiga brashi, tukadondosha mafuta ya cherehani, vikaanza kucheza. Ile nguvu ilikuwamo humo siku zote, imefungwa na kutu.

Kwa hiyo ukipima taiming, ipime mara mbili: injini ikiwa imetulia, kisha ikiwa inakimbia. Chomoa bomba la vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) la distributa na ulizibe kabla ya kupima, isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema vingine. Kisha livute kwa mdomo. Ukivuta na hewa inapita bure, kiwambo cha distributa kinachosogeza cheche kwa mvuto huo kimetoboka. Kiwambo hicho hakikuongezei nguvu ukiwa umekanyaga hadi mwisho, lakini kinakupa wepesi na kubana mafuta ukiwa katika mwendo wa kawaida. Na mwendo wa kawaida ndio tunaotembea kila siku, au sivyo?

Platini nazo. Mwanya wa injini nyingi ni karibu milimita 0.4. Kile kisigino kinachosuguana na kemu huisha kidogo kidogo, mwanya unapungua, na mwanya ukipungua cheche inachelewa. Unaona hila yake? Gari linapoteza nguvu taratibu kiasi kwamba mwenyewe anazoea. Anadhani ni uzee. Basi kumbuka mpangilio: platini kwanza, taiming baadaye. Ukianza na taiming kisha ukagusa platini, umeharibu kazi yako kwa mkono wako.

Ukiona platini zimeungua na kuota kichuguu upande mmoja, mshuku kondensa, kile kikopo kidogo kinacholinda platini zisiungue. Nyaya za plagi zitazame usiku, boneti wazi, taa zimezimwa. Zinazovuja utaona vicheche vyake. Na ikiwa shafti ya distributa inatikisika ukiishika kwa vidole, platini hazitatulia hata uzirekebishe kila wiki. Hapo, na hapo tu, nakuruhusu kutoa pesa: nunua kifaa cha elektroniki cha kuchukua nafasi ya platini. Katika vitu vyote vya kununua, hicho ndicho cha kwanza kwangu.

Onyo moja kabla hatujatoka hapa. Kusogeza taiming mbele kunanogesha. Unasogeza kidogo, gari linaamka. Unasogeza tena, linaamka tena. Ukianza kusikia mlio mkavu wa chuma ukipanda mlima, rudi nyuma mara moja. Huo ni mlipuko usio na adabu, nao hutoboa pistoni. Na usije ukadhani petroli ya okteni kubwa ina nguvu zaidi ndani yake. Kazi ya okteni ni kuvumilia mgandamizo bila kugonga. Kama injini yako haigongi, umenunua uvumilivu usiouhitaji.

Sasa mafuta na hewa. Ndugu mmoja alibadilisha pampu ya mafuta, ikawa vilevile, akabadilisha nyingine. Gari likitoka linakwenda vizuri, likifika mlimani linakata pumzi. Akisimama pembeni kidogo linapona lenyewe. Watu wa kijiweni wakamwambia kabureta imekufa. Nikampa kazi moja tu: likikata tena, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Akanipigia simu kutoka njiani: "Fundi, limevuta hewa, fyuuu!" Kitundu cha kupumulia cha kifuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi. Mafuta yakitoka tangini, hewa haiingii, mwisho wake pampu inashindana na utupu. Akakizibua kwa sindano.

Ukishathibitisha mafuta yanafika, fungua kabureta. Injini ikiwa imezimwa, chungulia kooni na usukume mkono wa mafuta: lazima uone mchirizi wa petroli unaruka mara hiyo hiyo. Usipouona, kiwambo cha pampu ndogo ya kabureta kimechanika, na ndiyo sababu gari linasita ukikanyaga ghafla. Pima kimo cha boya. Jeti, vile vitundu vinavyopimia petroli, zisafishe kwa hewa na dawa ya kabureta. Narudia, kwa hewa na dawa. Anayechokonoa jeti kwa waya anapanua tundu bila kujua, halafu anakuja kuniuliza mbona gari linakunywa.

Kwa jeti za kabureta za Weber na Solex, namba iliyochongwa ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita. Jeti 130 ni milimita 1.30. Ukienda 135 utaona ni hatua ndogo, lakini tundu limeongezeka eneo kwa karibu asilimia 8. Si ndogo! Basi panda hatua moja, jaribu, tazama plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni salama. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe iliyochomeka, mafuta ni machache, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Mkipata mtu wa kuwaazima kipimo cha hewa na mafuta kinachofungwa kwenye ekzosi, bora zaidi. Hewa na petroli huungua vikamaliziana vikiwa kwa uzito wa 14.7 kwa 1, lakini injini iliyokanyagwa hadi mwisho hutoa nguvu nyingi zaidi ikipewa mafuta kidogo ya ziada, karibu 12.5 hadi 13 kwa 1.

Hewa je? Tazama mdomo wa boksi la filta. Magari mengi ya zamani yana kibati cha kuchagua hewa ya baridi au hewa iliyopashwa moto na ekzosi, kwa ajili ya nchi zenye theluji. Nimeyakuta mengi kibati kimeganda upande wa moto. Hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Asilimia tisa, mabwana! Kigeuze kibati, uvute hewa kutoka mbele ya rejeta, umemaliza. Ila wanaoishi milimani wavumilie: kwenye mita 1500 hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 14, na hilo huwezi kulidai kwa mtu. Unachoweza ni kupunguza jeti kidogo, kwa kuwa zile za pwani zitamwaga mafuta mengi kwa hewa chache.

Sasa turudi kwenye kabureta kubwa, maana najua bado mnaitamani. Injini ya 1300, yaani ya sentimita za ujazo 1300, ikizunguka mara 6000 kwa dakika inavuta hewa mara 3000, kila mara lita 1.3. Jumla ni lita 3900 kwa dakika, na hiyo ni kama silinda zinajaa kabisa. Za zamani hujaa labda asilimia 80, yaani lita 3100 hivi. Huo ndio uwezo wake wa kuvuta. Koo pana haliiongezei pumzi. Linachofanya ni kupunguza kasi ya hewa, na hewa ikipita polepole haivuti petroli vizuri wala haiipasui kuwa mvuke. Gari linakuwa bubu chini, linaamka juu kabisa ambako huendi. Kwa injini ya lita 1.6 hadi 2 iliyo nzima, kabureta ya makoo mawili kama Weber 32/36 ni chaguo la busara: unatembelea koo dogo la milimita 32, na lile la 36 linafunguka ukikanyaga zaidi. Ni kubwa panapohitajika ukubwa tu.

Ekzosi nitaipita haraka. Bomba pana sana kwa injini ndogo ni kelele. Tatizo la kweli ni sailensa iliyooza kwa ndani na kuziba. Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, shikilia injini kwenye mizunguko 2500. Mshale ukianza kushuka polepole huku hujabadilisha kitu, moshi haupati njia.

Na yale mengine mnayouziwa? Sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli: hapana. Kipangaboi cha kuzungusha hewa: hapana, hicho ni kizuizi ulicholipia. Kutoa filta ya hewa: unaipa injini mchanga. Filta ya wazi yenye rangi, imekaa juu ya injini inayochemka: umeweka sauti, umevuta hewa moto. Kutoa thamostati "ili injini ipoe": injini ya baridi haigeuzi petroli kuwa mvuke, petroli inatiririka ukutani mwa silinda, inaosha mafuta, na ringi zinaliwa. Naona kuna watu wamenuna. Nuneni tu.

Sasa nguvu ambayo haimo kwenye injini kabisa. Pandisha gari kwa jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linazunguka? Au breki inalishika? Fungua buti: mna nini humo? Gari la kilo 900 lenye nguvu farasi 60, ukiliondolea kilo 45 za vyuma chakavu na jeki mbili za urithi, litachomoka kama vile umeongeza nguvu farasi tatu. Na matairi makubwa yaliyowekwa kwa urembo yamerefusha gia zote. Kila mlima unauona. Rudisha saizi ya kiwandani, au ukipata difu (gia ya mwisho kabla ya magurudumu) yenye uwiano mfupi kwenye gari lililokufa la aina yako, chukua. Kasi ya mwisho itapungua. Mvuto utaongezeka.

Pesa ikibaki baada ya haya yote, peleka silinda hedi ikachongwe kidogo ili mgandamizo upande. Uwiano wa mgandamizo ukipanda kwa nukta moja nzima unapata kama asilimia 3 au 4 ya nguvu. Pima kwanza ujazo wa chemba, hakikisha valvu haitagusa pistoni, na ujue petroli yako itavumilia. Milango ya manifoldi na ya hedi iwekwe sawasawa na gasketi, kingo zisichomoze. Kazi hii ni ya tupa na subira.

Nimalizie na habari moja ya kweli. Mwaka 1959 gari la Mini lilianza na injini ya 848 yenye nguvu farasi 34. Mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper, kwa msukumo wa John Cooper, aliyekuwa mjenzi wa magari ya mashindano. Injini ya 997, kabureta mbili za SU, nguvu farasi 55. Kila mtu hukumbuka zile kabureta mbili. Wachache hukumbuka kwamba gari lile lile lilifungwa breki za diski mbele, kwa sababu zile za dramu zilikuwa za gari la nguvu farasi 34. Walioijenga waliongeza vyote viwili kwa pamoja. Basi wewe uliyeamsha gari lako wiki hii, lini mara ya mwisho ulibadilisha mafuta ya breki? Mipira ya mabomba ina umri gani? Matairi yana mwaka gani ubavuni? Ukitaka kujaribu kazi yako, tafuta barabara iliyo tupu na tambarare, gia ya tatu, mwenzako ashike saa, mpime kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kwenda na kurudi ili upepo usiwadanganye. Lakini kabla ya kupima kuchomoka, pima kusimama.

Muda umekwisha, mratibu ananikonyeza. Nachukua maswali. Yule bwana wa nyuma aliyenuna tangu nilipoitaja thamostati, karibu, tuanze na wewe.